Siku Niliyojifanya Mfiwa Mbele ya Mama Mkwe

Aibu ya jambo hili bado ninayo, na kama lingekuwa siri mpaka leo wala msingelisikia kwangu, lakini kwa kuwa huku kwetu Salale hakuna tena anayeniita Fundi Hamisi, wote wananiita Mfiwa, na mke wangu Zainabu yu hai, mzima, na hivi ninavyowaambia yuko hapo nyuma anakaanga kamba na kutega sikio nisije nikaruka kitu, basi bora mlisikie kwa mwenyewe kuliko kwa Bi Tatu muuza kamba, ambaye kila akilisimulia analitia chumvi (siku hizi anasema eti nililia koridoni). Nililia, sikatai, lakini si koridoni.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Kazi yenyewe kuifungua mashine si shida, shida ni kuitoa kwenye boti na kuibeba begani mpaka kibandani kwangu, maji yamekupwa, miguu imezama kwenye tope mpaka magotini, na mwenye mashine anakufuata nyuma anakuhimiza usiiangushe. Ndiyo iliyoniletea ngiri. Ilianza kama kitu kidogo tu kinenani upande wa kulia, kiasi cha ndimu, nikilala kinarudi ndani, nikinyanyua mashine kinatoka, na yule tabibu wa zahanati akaniambia wazi kwamba hiyo ni ngiri na akaniandikia nikamwone daktari wa upasuaji. Ile karatasi niliikunja nikaitia kwenye kopo la misumari, ikakaa humo miaka miwili.

Sasa Zainabu akajifungua mtoto wetu wa tatu, na kama ilivyo kwetu mama yake akaja kutoka Mkongo kumlea uzazi mpaka arobaini itoke. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, ni mama mpole, hana neno na mtu, lakini mkwe ni mkwe. Haangaliwi usoni, hamketi mkeka mmoja, mkikutana njiani unaingia majanini yeye apite, na jambo lolote lililo chini ya kitovu halisemwi mbele yake hata kwa kulizungusha. Nyumba yangu ina vyumba viwili na uani, kwa hiyo wiki tatu zile nilikuwa naingia majanini ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Na mzazi si anakandwa kwa maji ya moto, na maji hayo aliyekuwa akiyateka nani kama si mimi, ndoo mbili asubuhi na ndoo mbili jioni, na kila nikitua ndoo ile ndimu inatoka, nami najifanya nafunga mshipi.

Siku moja ikatoka ikagoma kurudi. Nililala kibandani chali, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka baada ya adhuhuri, jasho linanitoka, miguu nimeiweka juu ya mashine ya mtu, mpaka ikarudi yenyewe. Nilipomwambia Zainabu hakupiga kelele, aliniambia tu kwamba yule daktari wa upasuaji anayekuja mara moja kwa mwezi yuko Kibiti Jumanne, na kwamba yeye ana watoto watatu na hana mpango wa kuwalea peke yake. Nikasema nitakwenda.

Basi Jumanne nimeamka, nimevaa kanzu yangu ya Ijumaa (kanzu inasitiri mengi), nanyata kutoka, nikamkuta mama mkwe anafagia uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Safari ya wapi na kanzu leo?"

"Hospitali, mama."

"Una nini?"

Hapo, jamani, hapo ndipo yote yalipoanzia. Ningeweza kusema tumbo, ningeweza kusema mgongo, fundi gani hana mgongo, lakini ulimi wangu ukakimbilia mbali kabisa na kinena, ukapanda juu mpaka ukafika kichwani. "Macho, mama," nikasema. "Hayaoni."

Mama akaweka ufagio chini. "Alhamdulillahi. Mie nami mwaka wa pili huu uzi siupitishi kwenye sindano, sina tu wa kufuatana naye. Ngoja nivae buibui, twende sote. Zainabu atakaa na dada yako."

Ndani nikasikia Zainabu anakohoa, na kile si kikohozi, namjua.

Mtu aliyesema haoni lazima asione, sasa nitafanyaje. Kushikana mkono na mkwe ni mwiko, kwa hiyo mama akaninyooshea mwavuli wake, yeye akashika kipini, mie nikashika ncha, tukapita hivyo katikati ya kijiji mpaka pwani, na watu wanatuangalia. Kwenye boti Bi Tatu naye yumo, anapeleka mtoto wake kufunguliwa plasta ya mguu hospitali hiyo hiyo, akanitazama, akautazama mwavuli, akasema, "Fundi, jana si ulikuwa unafunga skrubu za kabureta, ndogo kuliko punje ya mtama?"

"Ndizo zilizoniharibu macho," nikamjibu.

"Msiache kumwombea mgonjwa," mama mkwe akasema, na boti zima likaitikia amina.

Tukafika Nyamisati. Kushuka pale maji yakiwa madogo unapita juu ya ubao, na ubao ule niliuona vizuri tu, niliuona mpaka misumari yake, lakini nikawaza kwamba mtu mwenye macho mabovu hawezi kukanyaga katikati moja kwa moja, atapapasa kwanza pembeni, basi nikapeleka mguu pembeni kidogo kwa kuonyesha, nao ukaenda na mwili wote ukaufuata. Nilizama kwenye tope mpaka kifuani, na kanzu nyeupe ya Ijumaa. Waliokuwa bandarini walinivuta kwa kamba ya boti, na kila mmoja akawa anamwambia mwenzake, masikini, haoni.

Nikaoga bombani. Kanzu haikufaa tena, nimebaki na fulana, na chini ikawa lazima nijifunge kitu, na kitu pekee kilichokuwepo ni khanga ya akiba ya mama mkwe, rangi ya machungwa iliyoiva kabisa, yenye korosho kubwa kubwa. Aliitoa kwenye mkoba, akaiweka juu ya jiwe, akageuka nyuma, nami nikaiokota. Tukapanda gari hivyo hivyo mpaka Kibiti.

Jina la hospitali silitaji, maana wao hawakukosea chochote, makosa yote ni yangu. Nikamwongoza mama mpaka benchi la macho (yeye ndiye aliyeniongoza, lakini mie ndiye niliyesoma kibao), nikamwambia wanaume wanaonwa upande wa pili. "Nenda baba," akaniambia, "upapase ukuta." Nikapapasa ukuta mpaka nilipopinda kona, halafu nikatembea kama watu.

Daktari wa upasuaji ni mwanamke, Daktari Kemilembe, Mhaya, wa umri wangu tu, kwa hiyo hapo nikaanza kuona haya upya kabla sijaketi. Chumba chake kimezibwa pazia tu mlangoni, na nje ya pazia ndilo benchi la wanaosubiri, na ndani kuna pazia jingine linalozunguka kitanda. Alinipima haraka, hakucheka khanga, akanawa mikono, akavuta kiti.

"Ni ngiri kweli," akasema. "Sasa tuzungumze. Mimi naijua ngiri, wewe unayajua maisha yako, na hapa siamui peke yangu. Umekuja na ndugu yeyote wa kukusaidia kufikiri?"

"Nimekuja peke yangu."

Wala hajakaa sawa, pazia la mlangoni likafunguka, nesi huyo, na nyuma yake mama mkwe, ameshika ukuta, macho yamemtoka. "Daktari, samahani, huyu mama tumemtia dawa ya kutanua mboni, haoni vizuri mpaka baada ya masaa, na anamtafuta mkwewe, naye eti haoni kabisa, kajifunga khanga ya rangi ya machungwa. Naomba akae hapa kwako kidogo." Akamkalisha kwenye kiti, hatua tatu kutoka nilipo, akaondoka mbio bila hata kutazama kitandani. Mama akaketi anapepesa, amenielekea mimi, na mimi niko juu ya kitanda na ile khanga.

Nikamwonyesha daktari mama, nikajionyesha mimi, nikajikata shingo kwa kidole. Daktari mtu mwelewa, akavuta pazia la kitanda, akaingia ndani, akainama.

"Ni nani wako?" akaninong'oneza.

"Mama mkwe."

"Anajua?"

"Anajua nina macho."

Akafumba yake kidogo. "Nimwombe atoke?"

"Mkwe hatolewi."

"Basi tuahirishe, uje mwezi ujao?"

Nikakumbuka ile siku kibandani, miguu juu ya mashine. Nikamwambia tuendelee, ila asinitaje jina, na nitakayejibu siyo mimi. Akasema siri ni ya kwangu na uamuzi ni wa kwangu, akaketi, akakohoa. "Haya, mzee wangu," akasema kwa sauti, "unatoka wapi?"

Nami nikajibu kwa sauti ya marehemu babu yangu, nzito, yenye makwaruzo, na kwa kuwa babu alikuwa hasikii vizuri, ikatoka ya kelele. "Utete, mwanangu."

"Hiki kitu kinakuumiza unapokuwa na mama watoto?"

Swali la kidaktari, halali kabisa, lakini mama watoto mwenyewe ni binti wa huyo aliyekaa nyuma ya pazia. Niliona njia moja tu ya kutokea. "Mie mfiwa," nikasema. "Mke wangu kafariki."

Kiti kikalia nje ya pazia. "Inna lillahi," mama mkwe akasema taratibu. "Pole sana, mzee."

"Ahsante, dada."

Dada. Nimemwita mama mkwe wangu dada, na mwanawe nimeshamzika. Daktari akainamia karatasi, na nikaona mabega yake yanatikisika. "Lakini hapa nimeandika una mtoto wa wiki tatu," akasema.

"Mjukuu huyo. Na wewe mwanangu kayaangalishe macho, madaktari wake wapo chumba cha pili."

Kutoka benchi la nje nikasikia watu wanacheka, nikajua kwamba babu ana wasikilizaji wengi. Lakini nimeshaingia, nirudi vipi. Daktari akachukua karatasi akanichorea ukuta wa tumbo, na pale ulipoachia, na utumbo unavyochungulia, na akanieleza njia zilizopo. Naweza kusubiri, wapo wanaosubiri, lakini nizijue dalili za hatari, kikigoma kurudi na kuuma ni kukimbia hospitali bila kuuliza mtu. Au anaweza kunifanyia operesheni, mgongoni nachomwa ganzi, panashonwa na kutiwa wavu mdogo wa kushikilia.

"Wavu," nikasema. "Wa matundu gani?"

"Madogo."

"Ya kamba au ya dagaa?"

"Mwache daktari aseme, mzee," mama mkwe akanikanya kutoka huko aliko.

Daktari akasema hajawahi kuulizwa hivyo, na akanionyesha kwa ncha ya kalamu ukubwa wa tundu, nikaridhika, ni ya dagaa. Akaniambia baada ya hapo ni wiki sita bila kunyanyua kitu kizito, akaniuliza kazi yangu nanyanyua nini, nikasema mashine, nikasema hapana, magunia ya mihogo. Nafasi anazo Alhamisi hii, maana wiki nzima yupo, au mwezi ujao akirudi. "Mimi ningependa iwe mapema," akasema, "lakini sitaki uitikie tu kwa adabu halafu usije. Nini kinakutia hofu zaidi?"

Mimi Hamisi ningemwambia sina hofu, nipe tarehe, na ile tarehe ningeikunja nikaitia kwenye kopo la misumari. Lakini ile sauti ya babu, sijui ilipata wapi ujasiri, ikafungua mdomo ikasema mambo ambayo hata Zainabu sijawahi kumwambia. Ikasema naogopa kulala juu ya kile kitanda nisiamke. Ikasema naogopa kukaa ndani wiki sita, na mzazi ndani, wazazi wawili nyumba moja, nani ateke maji. "Na nina mama mkwe," ikasema, "mama mwema hana mfano. Mwanawe alinipa mie nikiwa mtu wa kubeba vitu. Akijua nimelazwa kwa kitu cha namna hii, sitaweza tena kumwamkia."

Kiti kikalia tena nje ya pazia.

"Daktari," mama mkwe akasema, "samahani. Naweza kumwambia neno huyo mzee nisiyemjua?"

Daktari akanitazama, akangoja. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mzee," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kumwimbia mtoto wetu, "mume wangu alikuwa na kitu hicho hicho. Tulikwenda kwetu kwenye harusi ya mdogo wangu, kikatoka, kikagoma. Sasa yuko ukweni, atamwambia nani. Akasema kala maembe mabichi. Siku mbili anakaa na wakwe zake barazani, anacheka nao, na jasho linamtoka, na mie najua na nanyamaza, maana nami niliona haya kumsemea mbele ya baba yangu. Siku ya tatu tukamzika. Wanangu niliwaambia baba yenu kafa kwa tumbo, na mpaka leo wanajua hivyo."

Nikaivuta ile khanga mpaka kidevuni.

"Sasa nami nina mkwe. Ananitekea maji kila siku, ndoo nne, na kila akitua anashika kinena, anageuka kuona kama nimemwona. Siwezi kumwambia kitu, haisemeki. Lakini weye si mkwe wangu, weye mzee wa Utete, basi weye nakwambia. Maji nimeteka toka nina miaka saba, hayanishindi. Na wewe daktari, muulize, siku hicho kitu kikigoma na maji yamekupwa, atatokaje huko kwenye mikoko?"

Mzee wa Utete, huko bara, na mikoko wapi na wapi, lakini hilo sikuliona wakati ule, nilikuwa nimejifunika ile khanga usoni na nalia (hapo ndipo nilipolia, Bi Tatu, kitandani, si koridoni).

Daktari akaweka kalamu chini. "Hebu nielezeni hayo maji," akasema. Nikamweleza, kwamba maji yakikupwa mfereji wetu unabaki tope tupu, boti linakaa juu yake, hata uwe na mashine mpya namna gani unangoja bahari irudi, masaa sita au zaidi, na bado safari yenyewe. "Hilo sikulijua," akasema. "Ninaposema mtu anaweza kusubiri, huwa namfikiria mtu aliye karibu na barabara." Akaikata kwa mstari ile njia ya kusubiri kwenye karatasi yake, lakini kalamu akanipa mimi, akaniambia nami nikikubali niikate. Nikaikata. Tukakubaliana Alhamisi, na wenye mashine watanyanyua mashine zao wenyewe, mie nitakaa kwenye kigoda niwaelekeze, na siku sita za mwanzo nitalala kwa binamu yangu hapo hapo Kibiti.

"Sasa nirudishie kwa maneno yako," daktari akasema, "nijue tumeelewana."

Nikarudisha yote, ngiri, ganzi, wavu wa dagaa, wiki sita, dalili za hatari, kigoda, vizuri kabisa, na nilipofika kwenye Alhamisi ndipo nikajisikia kwamba tangu mwanzo nasema kwa sauti yangu. Babu alishaondoka zamani. Na mimi si nimeshasema mashine mara nne.

Nje ya pazia mama mkwe akakohoa. "Mzee wa Utete kaelewa vizuri," akasema.

Nikatia sahihi. Ikabaki sehemu ya shahidi, daktari akawa anatafuta namna ya kusema, lakini mama akamtangulia. "Lete hiyo karatasi nimtilie dole gumba huyo mzee nisiyemjua." Daktari akapeleka wino, akarudi nayo, na dole la mama mkwe wangu liko hapo mpaka leo chini ya jina langu. Kisha chini ya pazia kikapenya kipini cha mwavuli. "Haya, shika kipini wewe," akasema, "leo mie ndiye nisiyeona. Ingawa rangi ya khanga yangu naiona."

Tukatoka hivyo, mie mbele, na benchi zima likasimama. "Pole kwa msiba, mzee," wakaniambia, mmoja mmoja, na wengine wanashindwa kumaliza neno. Mwisho wa benchi yuko Bi Tatu na mtoto wake na plasta. "Fundi," akasema, "Zainabu kafa saa ngapi? Asubuhi nilimwacha anakunywa uji."

"Si huyu," mama mkwe akamjibu kwa heshima zake zote. "Aliyefiwa bado yumo ndani." Na ndani daktari akapaliwa na kitu, mpaka nesi akampelekea maji.

Mngefikiri yameisha. Bi Tatu, na anaapa kwamba hakuwa na nia mbaya, alimpigia simu mdogo wake kijijini kumwuliza tu, hivi Zainabu yu hai? Sasa swali hilo huwezi kuliuliza kwetu halafu watu wakakaa na kazi zao. Tuliporudi jioni, jua bado lipo, pwani hakuna mtu, nikashangaa, na nilipofika kwangu nikaona turubai, wanaume wameketi, kina mama wamejitanda khanga wanapepeta mchele, shehe naye yupo, na mlangoni, ameketi kwenye kiti changu na mtoto kifuani na bakuli la uji mkononi, Zainabu, anawapokea waombolezaji wake mwenyewe. Walipofika wakamkuta mzima, lakini walikuwa wameshaleta mchele na kuni, wakaona wasubiri waambiwe.

"Karibu, mfiwa," Zainabu akaniambia. "Umenizika kwa ugonjwa gani?"

Watu wote wakageuka kunitazama, mimi na fulana yangu na khanga ya korosho. Nikatafuta uongo mwingine, Mungu anisamehe, nikautafuta. Lakini nyuma yangu yuko mama mkwe anapepesa macho, na nikamfikiria baba mkwe nisiyemjua, barazani ukweni, anacheka na watu. Nikasimama katikati ya turubai nikasema, "Nina ngiri. Alhamisi napasuliwa." Na kwa kuwa nimeshaanza nikawasimulia yote, macho, mwavuli, ubao, babu, dada, wavu wa dagaa, wakacheka mpaka shehe akavua kofia kujipangusa, na ule mchele wa msiba ukapikwa ukaliwa. Alichosema mama kuhusu mumewe sikukitaja. Alikisema mwenyewe kwa Zainabu kesho yake, wawili wamefunga mlango, na walikaa humo muda mrefu.

Operesheni ilikwenda salama. Wiki sita nimekaa kwenye kigoda naelekeza, na mama mkwe, arobaini ilipotoka, akakataa kurudi Mkongo mpaka mzazi wa pili naye apone, na maji akateka yeye. Ngiri hajaitaja mbele yangu hata mara moja. Akipiga simu ananiuliza tu, "Macho hayajambo, baba?" nami namjibu hayajambo, mama.

Na ile jioni ya turubai, watu walipoanza kutawanyika, mzee mmoja wa makamo alinivuta pembeni, akaangalia huku na huku, akaniuliza yule daktari anarudi lini. Baadaye kidogo akaja mwingine, kisha mwingine. Mwezi uliofuata, bado niko kwenye kigoda, niliombwa niwaandikie majina wanaume watano wanaokwenda Kibiti, wote wamevaa kanzu siku ya Jumanne, na nilipowauliza mbele za wake zao wanaumwa nini, wote watano wakajibu macho. Nikawaandika hivyo hivyo, lakini kila mmoja nilimnong'oneza ubao wa Nyamisati akanyage katikati.

Mimi mwenyewe nimeapa. Siku nyingine mama mkwe akiniuliza naumwa nini nitamwambia palepale panapouma, na aibu ikinizidi, basi nitamwambia kwa sauti ya babu.